Nadhiri ya Mke: Ni Nani Awezaye Kuifuta?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Wasomaji wetu wapenzi, wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya akina mama, dada yetu mmoja wa hapa Kikoneni alibaki nyuma wenzake walipokwisha kuondoka. Alikuwa na jambo lililomlemea moyoni. Tunalileta hapa kwa idhini yake na idhini ya mumewe, bila ya kuwataja majina, kwa kuwa tumeona kwamba nyumba nyingi zinalihitaji. Tena tunalileta kwa sababu nyingine: sisi wenyewe tulimjibu vibaya, na kosa lililosemwa mbele ya mtu linafaa kusahihishwa mbele ya watu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka minne, alishikwa na homa kali usiku. Yeye na mumewe wakampakia katika bodaboda, wakashuka naye hadi hospitali ya Msambweni. Usiku ule wa kwanza, mtoto akiwa amelala hajitambui, mama aliinua mikono akamwomba Mola wake. Akaweka nadhiri kwamba mtoto yule akipona, ni juu yake kumchinja mbuzi wake mweupe awalishe wanafunzi wa madrasa, na ni juu yake pia kufunga siku saba. Mbuzi huyo ni wake mwenyewe. Alimnunua kwa fedha za kushona makuti, ambayo wachuuzi huyachukua kuyapeleka Diani. Mumewe alikuwa amesimama ubavuni mwa kitanda. Alisikia kila neno, akaitikia Amin.

Mwenyezi Mungu akamponya mtoto. Lakini mama alipotaka kutimiza aliyoyasema, mume alikataa. Mume huyo ni mlinzi kule Ukunda, hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Kazini kwake ana mwenzake Mkristo, mtu mwema na mwenye kuisoma Biblia yake kwa bidii. Katika mazungumzo yao ya usiku, mwenzake alimsomea kwamba Nabii Musa aliamrishwa kuwa mume anaweza kuifuta nadhiri ya mkewe, na baba anaweza kuifuta nadhiri ya bintiye. Yule bwana aliporudi nyumbani alimwambia mkewe: nadhiri yako nimeifuta, na hivi ndivyo yasemavyo maandiko. Mbuzi asichinjwe, na saumu isifungwe.

Dada yetu akatuuliza: je, nadhiri yangu imefutika kweli?

Sisi, kwa haraka na bila ya kutafakari, tulimwambia kwamba mke mwema humtii mumewe, na maadamu amekataa, basi jambo limekwisha. Akasema inshallah, akajifunga kanga yake, akaondoka. Usiku ule hatukupata raha. Tukaifungua Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho tulisomeshwa tangu ujanani na ambacho hatukuwa na udhuru wa kukisahau, na tukazirejea hadithi za Mtume (s.a.w.) katika mlango wa nadhiri. Tukaona kwamba jibu tulilompa dada yetu si la maimamu wetu. Lilikuwa ni lile lile alilolisema mwenzake mumewe kule kazini, ila letu limevaa kanzu.

Yaliyomo katika Kitabu cha Hesabu

Inafaa tuanze na hayo maandiko, kwani mtu asiyejua hoja ya mwenzake hawezi kuijibu kwa uadilifu. Kauli yetu juu ya vitabu vya waliotutangulia ni ile aliyotufundisha Mtume (s.a.w.): tusiwasadiki Watu wa Kitabu katika wanayoyasimulia wala tusiwakadhibishe, bali tuseme tumemwamini Mwenyezi Mungu na yote aliyoyateremsha. Kwa hivyo tunayaeleza kama yalivyo kwao.

Jambo hili limo katika sura ya 30 ya Kitabu cha Hesabu. Sura inaanza na mwanamume. Akiweka nadhiri au akiapa, imemfunga, na hakuna wa kumwondolea. Kisha inakuja kwa binti aliye bado katika nyumba ya baba yake. Akiweka nadhiri, na baba akaisikia na akanyamaza, nadhiri imethibiti. Baba akimkataza siku ile ile aliyoisikia, nadhiri imeondoka, na Mungu atamsamehe binti kwa kuwa baba yake alimkataza. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanamke aliyeolewa. Mumewe akisikia akanyamaza, nadhiri imesimama. Akiibatilisha siku ile aliyoisikia, imebatilika. Ama mjane na mwanamke aliyeachwa, nadhiri zao zinawafunga wenyewe, kwani hakuna aliye juu yao.

Hayo ndiyo aliyosomewa yule bwana, nayo ni kweli yamo. Lakini sura haikuishia hapo. Katika aya ya 14 imesisitizwa kwamba mume akinyamaza siku baada ya siku, kimya chake kimekwisha kuithibitisha nadhiri. Na katika aya ya 15, mume atakayeibatilisha baada ya kuisikia na kunyamaza, yeye ndiye atakayeubeba uovu wa mkewe. Yaani mamlaka ile aliyopewa mume ina muda, nao ni siku moja. Na ina gharama: akichelewa kisha akalazimisha, dhambi si ya mke tena, ni yake.

Wanavyuoni wa Kiyahudi nao hawakuiacha mamlaka hiyo bila ya mipaka. Katika Mishna, ndani ya mlango wao wa nadhiri, walisema kwamba mume hawezi kufuta kila nadhiri ya mkewe. Anaweza kuzifuta zile ambazo mke anajitesa nafsi yake kwazo, na zile zinazogusa maisha yao wawili. Na walisema kwamba uwezo wa baba juu ya nadhiri za bintiye unakoma binti anapokuwa mtu mzima.

Tena katika vitabu hivyo hivyo kuna kisa cha Hana, mamake Nabii Samweli, katika Samweli wa Kwanza, sura ya 1. Hana alikuwa tasa. Aliweka nadhiri kwamba akijaaliwa mtoto wa kiume atamtoa kwa Mungu siku zote za uhai wake. Mumewe, Elkana, angeweza kuifuta. Hakuifuta. Alipoambiwa kwamba mtoto atapelekwa akiachishwa ziwa, alimwambia mkewe afanye aonavyo vyema. Na aliyemtoa mwana kwa nadhiri ya mkewe si sawa na aliyetakiwa kumtoa mbuzi ambaye si wake.

Basi hata tungeihukumu nyumba ile ya Kikoneni kwa sura ile ile ya Hesabu, mume alikwisha kuipoteza haki hiyo usiku ule ule hospitalini, alipoitikia Amin.

Yaliyomo katika sharia yetu

Sisi hatuhukumiwi kwa sharia hiyo. Wanavyuoni wetu wameeleza, na hili ndilo lenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafii, kwamba sharia ya waliokuwa kabla yetu si sharia kwetu isipokuwa sharia yetu iwe imeithibitisha. Basi tuitazame yetu inasemaje.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Insaan, aya ya 7, amewasifu waja wake wema kwamba wao hutimiza nadhiri. Hakusema waume tu. Na mfano mkubwa wa nadhiri aliotupa katika Qurani ni nadhiri ya mwanamke. Ukiifungua Qurani Takatifu ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambayo imo katika nyumba nyingi za pwani, soma Suratu Aali Imraan kuanzia aya ya 35. Utamkuta mke wa Imran akimwambia Mola wake kwamba amemuwekea nadhiri kilichomo tumboni mwake, kiwe wakfu kwa ajili yake, naye amwombe akikubali. Wafasiri wanamtaja mama huyu kwa jina la Hanna, na wengi wao wamesema kwamba mumewe alifariki yeye akiwa mjamzito. Alikuwa akitaraji mwana wa kiume, akazaa binti. Nadhiri yake haikurudishwa. Binti huyo ni Bibi Maryam, na Mola wake alimpokea kwa kupokea kuzuri. Kisha Maryam naye, katika sura iliyopewa jina lake, aya ya 26, aliamrishwa aseme kwamba ameweka nadhiri ya kufunga kwa ajili ya Mwingi wa Rehema, hatasema na mtu siku ile. Mama na binti, na kila mmoja nadhiri yake ni baina yake na Mola wake.

Tukija katika hadithi, tunayakuta maswali kadhaa yaliyoletwa kwa Mtume (s.a.w.) juu ya nadhiri za wanawake. Uqba bin Amir (r.a.) alikuwa na dada yake aliyeweka nadhiri ya kwenda kwa miguu hadi Nyumba Tukufu ya Makka. Akamtuma nduguye amuulizie Mtume. Mtume (s.a.w.) alijibu kwamba atembee na apande. Tazama: aliyekuja kuuliza ni ndugu mwanamume, na jibu halikuwa kwamba wewe ndiye walii wake basi mfutie. Jibu lilihusu uwezo wa yule dada, asijitwike lisilobebeka.

Na kuna kisa cha mwanamke wa Kiansari aliyetekwa na maadui, ambacho Imam Muslim amekipokea kutoka kwa Imran bin Husayn (r.a.). Maadui walikuwa wamemchukua pia ngamia wa Mtume aliyeitwa Adhbaa. Usiku mmoja mama yule alijifungua kamba zake, akawaendea ngamia. Kila aliyemsogelea alilia, akamwacha, mpaka akamfikia Adhbaa ambaye hakutoa sauti. Akampanda akakimbia, akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimwokoa juu ya mgongo wake, atamchinja. Alipofika Madina na habari ikamfikia Mtume (s.a.w.), alistaajabu kwamba amemlipa mnyama yule malipo mabaya namna gani. Kisha akaeleza kwamba hakuna kutimiza nadhiri katika maasi, wala katika kitu ambacho mja hakimiliki.

Hii ndiyo mizani yetu, wasomaji wetu. Katika kisa hicho hakuulizwa mume wala hakuulizwa baba. Kilichoulizwa ni mambo mawili: je, ni jambo la dhambi? Na je, ni mali yako? Nadhiri ya mwanamume hupimwa kwa mizani hiyo hiyo. Na Mama wa Waumini, Bi Aisha (r.a.), amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba aliyeweka nadhiri ya kumtii Mwenyezi Mungu na amtii, na aliyeweka nadhiri ya kumuasi asimuasi. Hakuna ndani yake ubaguzi wa mume na mke.

Kwa hivyo mwanamke Mwislamu aliyebaleghe na mwenye akili, akiweka nadhiri ya ibada kwa hiari yake na kwa kuitamka, imemfunga. Mumewe hana kalamu ya kuifuta. Wala baba yake hana. Ama mtoto ambaye bado hajabaleghe, nadhiri yake haifungiki tangu mwanzo, hata baba asiposema kitu. Tunachotakiwa kumfanyia ni kumfundisha kwa upole uzito wa neno.

Haki ya mume iko wapi?

Hapa wanaume watatuuliza: je, mume hana neno kabisa? Analo, lakini liko mahali pake. Mume ana haki zake katika nyumba na katika wakati wa mkewe, na nadhiri haiwezi kuwa njia ya kuzikwepa. Mtume (s.a.w.) amekataza mwanamke asifunge saumu ya sunna na mumewe yupo isipokuwa kwa idhini yake. Wanavyuoni wetu wakajenga juu ya hilo kwamba mke akiweka nadhiri ya kufunga bila ya idhini ya mumewe, mume anaweza kumzuia asifunge siku ambazo yeye yupo. Na itikafu ni hivyo hivyo. Lakini zingatieni tofauti iliyopo: kumzuia leo si kuifuta. Nadhiri inabaki katika dhima ya mke, naye ataitimiza atakapopata nafasi, kama mtu mwenye deni anayengoja mwisho wa mwezi.

Mali ni mlango mwingine. Mali ya mke ni yake. Bibi Maymuna (r.a.), mke wa Mtume, alimwacha huru mjakazi wake bila ya kumuomba Mtume idhini. Alipomweleza, Mtume (s.a.w.) hakuubatilisha uhuru ule. Alimwambia tu kwamba lau angempa wajomba zake, ujira wake ungekuwa mkubwa zaidi. Ni kweli kwamba Imam Malik ameweka mpaka, kwamba mke asitoe kwa hisani zaidi ya theluthi ya mali yake bila ya ridhaa ya mumewe. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii, mwanamke mwenye busara ya kuendesha mali yake ana uhuru kamili nayo, kama mwanamume alivyo na yake. Ushauri baina ya mume na mke ni jambo jema na linalopendeza. Kuwa jema hakukulifanyi kuwa sharti.

Basi nadhiri ya dada yetu ilikuwa na sehemu mbili, na kila moja ina hukumu yake. Mbuzi ni mali yake, na mtoto alipopona mbuzi yule alikwisha kuwa haki ya waliotajwa. Mume hana la kumzuia, wala mbuzi huyo hauzwi. Saumu ya siku saba inagusa haki ya mume, naye anaweza kuomba isifungwe akiwa nyumbani. Na kwa kuwa mama hakusema kwamba atazifunga mfululizo, anaweza kuzifunga siku mbalimbali.

Tulivyorudi kwa wenyewe

Jumamosi iliyofuata tulikwenda nyumbani kwao, tukafuatana na mzee mmoja wa msikiti. Kwanza tulimwomba dada yetu radhi mbele ya mumewe kwa jibu tulilompa. Kisha tukamweleza bwana yale tuliyoyaeleza hapa. Akasikiliza kwa adabu, ila tuliona kwamba moyo wake bado umeshikilia ile sura ya Hesabu. Alikuwa nayo katika simu yake. Tukamwomba aifungue, asome mwenyewe hadi aya ya 15.

Alisoma kimya. Akarudia. Kisha akamgeukia mkewe akamuuliza: Nilisema Amin? Mkewe akamjibu: Ulisema, tena kwa sauti. Akainamisha kichwa.

Baada ya hapo ndipo alipotuambia lililokuwa likimsumbua. Mtoto wao mkubwa alikuwa na karo iliyobaki, na mshahara wake haukutosha. Alikuwa amemhesabu mbuzi yule katika karo. Hakuwa mtu mwenye kumdhulumu mkewe. Alikuwa baba mwenye dhiki aliyeona haya kusema kwamba hana, akatafuta maandiko ya kumsaidia kusema jambo jingine. Na ni wangapi kati yetu ambao hufanya hivyo hivyo! Tunapokosa fedha tunasema dini imekataza, na tunapokosa hoja tunasema mimi ndiye mwenye nyumba. Habari ya karo tuliizungumza na wazee, na Mwenyezi Mungu akaleta njia.

Mbuzi alichinjwa siku ya Alhamisi, na wanafunzi wa madrasa wakala pilau. Mwenye nadhiri hakuonja, kwani alichokiweka kwa ajili ya wengine si chake tena. Saumu zake anazifunga Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo mumewe yuko Ukunda. Hivyo haki ya Mola imetimizwa na haki ya mume haikuguswa.

Nadhiri nyingine tunazozijua

Katika sehemu zetu hizi kuna nadhiri za aina nyingine ambazo hatuwezi kuzipita bila ya kuzitaja.

Wazee wetu wa Kidigo, kabla ya sharia kuenea majumbani, walifuata ukoo wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake, na wapwa ndio waliorithi. Uislamu ulipotia mizizi, baba akapewa nafasi yake na warithi wakapewa mafungu yao, na mabishano ya mirathi baina ya ada na sharia yalidumu miaka mingi. Tunayakumbusha haya ili tujue kwamba sauti ya nyumba imepata kuhamishwa kwa mila kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kwa hivyo mtu asidhani kwamba kila alilolizoea kwa wakubwa wake ndilo dini. Aulize kwanza.

Na katika mila hizo zilikuwapo nadhiri kwa koma na kwa kaya, na hadi leo wapo wenye kumuahidi pepo mbuzi au nguo wakipona. Hiyo haifungiki kabisa. Nadhiri ni ibada, na ibada haielekezwi kwa mwingine asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Aliyeiweka asiitimize. Atubu, wala asitishwe na mtu kwamba atadhurika.

Ziko pia nadhiri za hasira. Mama amegombana na wifi yake, akasema: nikiingia tena nyumba ile, ni juu yangu kufunga mwezi mzima. Hii wanavyuoni wetu wameipa njia. Akiingia, ana hiari baina ya kufunga alichokisema na kutoa kafara ya kiapo, ambayo imeelezwa katika Suratul Maaida, aya ya 89: kuwalisha masikini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge siku 3. Kulisha kwetu ni kumpa kila masikini mudi moja ya chakula cha mji kama vile mchele, na mudi ni robo ya pishi. Basi kwa masikini 10 ni pishi mbili na nusu. Na aingie kwa wifi yake, apatane naye. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 224, ametukataza tusilifanye jina lake, kwa sababu ya viapo vyetu, kuwa kizuizi cha kutenda wema na kupatanisha watu.

Na kuna nadhiri za kina baba juu ya watoto wao. Baba anasema: binti yangu akifaulu, nitamwoza kwa mwana wa fulani. Hiyo nayo haimfungi binti hata chembe. Binti si mbuzi wa baba. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 11, yamo masimulizi ya Yeftha, aliyeapa kumtoa sadaka yeyote atakayetoka mlangoni kumlaki akirudi salama vitani, na aliyetoka alikuwa bintiye wa pekee. Nadhiri ile haikuwekwa na mwanamke. Iliwekwa na mwanamume, kiongozi wa watu, na hapakuwa na wa kumfutia. Tunapozungumza juu ya ndimi za wake zetu na binti zetu, tuzikumbuke na zetu.

Nasaha zetu

Enyi akina mama, msiwe wepesi wa kuweka nadhiri. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba nadhiri haileti jambo wala hairudishi, ila hutolewa kwayo mali ya bakhili. Mwenye kutaka mwanawe apone na aombe dua, atoe sadaka, na amfikishe hospitalini mapema. Mtoto yule wa Kikoneni alipona kwa rehema ya Mola wake, na dawa ikawa sababu. Na anayeweka nadhiri aitaje kwa maneno yanayoeleweka, katika mali yake mwenyewe, na kwa kiasi anachokiweza. Ahadi ni deni, na hili ni deni la asiyesahau.

Enyi waume, mkisikia nadhiri za wake zenu, semeni siku ile ile. Kama kuna dhiki, itajeni dhiki kwa jina lake. Wake zenu wengi wangewafahamu. Na mkiitikia Amin, jueni kwamba mmekwisha kusema.

Na sisi wenye kuulizwa, tusiwe na haraka ya kumwambia mwanamke kwamba mumewe amekwisha kuamua. Pengine amekuja kwetu akiwa na haki mkononi, nasi tukamrudisha mikono mitupu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipoteleza, azijaalie nyumba zetu upendo na rehema, na awaponye watoto wetu wagonjwa wote. Amin, ya Rabbal aalamin.

Wabillahi tawfiq. Wallahu aalam.